Usiku Niliomfufua Luke McVane

Kwa miaka kumi na minne nilikula kwa ulimi wangu. Nilikuwa mtafsiri wa filamu katika vibanda vya video, kwanza Tabora na baadaye Tanga, nikiketi nyuma ya watazamaji na maikrofoni iliyofungwa utepe mweusi, nikiwaeleza kwa Kiswahili yale ambayo Wachina, Wahindi na Wamarekani walikuwa wakiyasema kwenye kioo. Waliokaa Dar es Salaam enzi hizo wataikumbuka sauti ya Lufufu, ambaye kanda zake zilisafiri hadi mikoani, na Wakenya wana DJ Afro wao. Sisi wengine hatukuwa na kanda wala jina. Tulikuwa na kibanda kimoja, jenereta moja, na watazamaji waliokuwa tayari kudai fedha zao endapo ungenyamaza kwa muda wa kumeza mate.

Kazi ile ilinipa kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba kimya ni hasara: pale ambapo wahusika hawasemi, wewe sema, tia mzaha, mtukane adui, mpe binti jina la mtaa wa pili ili watu wacheke. Ya pili haikuwa yangu peke yangu, kwa sababu kila mtoto aliyewahi kuchungulia kwenye tundu la kibanda anaijua, nayo ni kwamba steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi kumi, akaanguka kutoka ghorofani, akazikwa mchangani. Mwisho wa picha atasimama, atafuta damu, na atamchukua mchumba wake. Mtu aliyelipa kiingilio alikuwa na haki ya kuondoka akiwa na uhakika huo.

Kwa hiyo vijana wa klabu moja ya filamu hapa Tanga waliponijia, wakitaka nizungumze juu ya filamu isiyo na sauti kabisa, niliona nimeletewa karamu. Walikuwa wamepanga kuionyesha mara mbili, Ijumaa mbili mfululizo, kwenye ukuta uliopakwa chokaa nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Filamu yenyewe ilikuwa *The Taking of Luke McVane* ya mwaka 1915, na ilikuwa na urefu usiofika nusu saa, kwa kuwa picha nyingi za namna hiyo zilitolewa kwa mizingo miwili ya utepe, kila mzingo ukikadiriwa futi elfu moja. Kijana aliyeniletea alinieleza kwa furaha kwamba hakimiliki yake ilikwisha zamani na hakuna wa kutudai. Aliniambia pia jambo ambalo sikulitilia maanani siku ile: kwamba kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani katika enzi ya sinema bila sauti, uchunguzi wa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba zilizosalia katika hali yake ya asili ni asilimia 14 tu. Nyingine ziliungua, zilioza, au zilitupwa na wenyewe walipoona kwamba hazileti tena fedha.

Steringi wake alikuwa William S. Hart, mtu ambaye sura yake ndefu ilinikumbusha punda aliyekataa kupita daraja, na nasema hivyo kwa heshima. Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, akafanya kazi ya tamthilia za jukwaani kwa miaka mingi, na alipoingia kwenye sinema mwaka 1914 alikuwa ameukaribia umri wa miaka hamsini, umri ambao katika vibanda vyetu steringi angekuwa tayari amekuwa baba wa steringi. Aliyemwingiza ni Thomas Ince, rafiki yake wa siku za jukwaani, ambaye alikuwa na eneo kubwa la kupigia picha katika vilima vinavyotazama Bahari ya Pasifiki, karibu na Los Angeles. Hart hakucheza kwa kurusharusha mikono kama wengi wa wakati wake. Alisimama. Alitazama. Uso wake ulikaa kama ukuta mpaka jicho lilipohama kidogo, na hapo ukajua kwamba ndani kuna jambo limevunjika.

Kisa chenyewe ni hiki. Luke McVane ni mcheza kamari katika mji mdogo wa magharibi ya Marekani. Katika kilabu cha pombe kuna binti mcheza dansi, Mercedes, ambaye walevi wanamsumbua, na Luke anasimama kumtetea. Binti anamshukuru kwa kumpa ua la waridi. Baadaye, kwenye meza ya karata, unatokea udanganyifu, bastola zinatolewa, na Luke anamuua mtu katika kujilinda. Anakimbia jangwani, na mkuu wa usalama wa wilaya anamfuata. Huko jangwani yule anayemfuata anaumia vibaya, na Luke, ambaye alikuwa na farasi na nafasi yote ya kutokomea, anabaki kumuuguza, kisha anaamua kumrudisha mjini kule kule ambako yeye mwenyewe anatafutwa. Njiani wanavamiwa. Wanapigana upande mmoja, mwindaji na mwindwa, na wote wawili wanakufa.

Niliitazama mara tatu kwenye kompyuta nikijiandaa, na kila mara nilijaza daftari langu vichekesho. Tatizo la kwanza lililonipata lilikuwa la maneno. Mahali pale Wamarekani wanapaita *saloon*, nami kwa uvivu nikasema "saluni", na Ijumaa ya kwanza akina mama walipasuka kwa kicheko, wakataka kujua ni saluni gani hiyo ambayo wanaume wenye ndevu wamejazana na hakuna hata mmoja anayesukwa. Hilo lilinisaidia, kwa maana watu walichangamka. Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Yule mkuu wa usalama anaitwa *sheriff*, nami nikamwita "sherifu", na bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa akageuka akaniuliza kwa sauti ya kuudhika, "Sharifu gani huyu abebaye bastola na kufukuzana na watu?" Hapa pwani sharifu ni mtu wa nasaba ya Mtume, na mimi mtu wa bara nilikuwa nimesahau ninasema na nani. Nikamwomba radhi kwenye maikrofoni, kisha nikabadili upesi nikasema, "Ni kamanda wa sungusungu, bibi." Akaridhika, na watu wote wakaelewa, au tulidhani tumeelewa.

Nilisema bila kupumua. Niliwasemea walevi, nikamsemea farasi, nikampa Mercedes wimbo. Pale Hart alipokaa akilitazama lile ua bila kutikisika, nilimtia kinywani maneno mengi ya mapenzi, yenye mahari na nyumba ya bati. Na tulipofika mwisho, Luke alipokuwa chini na picha inakwenda kuzimika, nilisikia kwenye giza ule mguno ninaoufahamu, mguno wa watu wanaoanza kuhisi wameibiwa. Ulimi wangu ukafanya kazi yake wenyewe. "Msihofu ndugu zangu," nikasema, "amezimia tu! Kesho daktari atamwosha kidonda, na Jumapili ni harusi!" Ukuta ukabaki mweupe, watu wakashangilia, na mimi nikafunga nyaya zangu nikiwa na jasho la ushindi.

Asubuhi yake alinijia mzee mmoja wa mtaani, hakimu mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo, ambaye nilimwona usiku ule amekaa pembeni na fimbo yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa barazani bila kungoja kukaribishwa mara ya pili.

"Bwana," akasema, "jana umemdhulumu marehemu."

Nilicheka nikidhani ni utani. Hakucheka. Alisema kwamba alimwona yule mtu akifa kwa macho yake, na kwamba katika miaka yake yote ya kukaa kwenye kiti cha hakimu hakuna kilichomchosha kama shahidi anayewaambia watu kwamba hawakuona walichokiona. Kisha akanishika kwenye sungusungu. Nilimweka yule kamanda mahali pasipo pake, akasema, na kwa kosa hilo nimeiharibu hadithi nzima.

Hapo ndipo nilipolazimika kwenda kusoma, jambo ambalo katika miaka kumi na minne ya udijei sikuwahi kulifanya kwa ajili ya filamu yoyote. Nilikuta kwamba *sheriff* wa magharibi ya Marekani katika karne ya 19 alikuwa mtu aliyechaguliwa kwa kura za wakazi wa wilaya yake, kwamba alipeleka hati za mahakama na kulinda mahabusu, kwamba mahali pengi mapato yake yalitokana na ada za kila kazi badala ya mshahara, na kwamba aliweza kumwamuru mwanamume yeyote mwenye nguvu afuatane naye katika msako. Alitofautiana na *marshal* wa serikali kuu, ambaye aliteuliwa na Rais wa nchi na kuthibitishwa na Baraza la Seneti. Kwa hiyo aliyemfukuza Luke jangwani alikuwa amebeba amri ya mahakama na kura za watu ambao kesho wangeweza kumnyima kazi. Sungusungu wetu walizaliwa kwa njia nyingine. Walianza Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wenyewe walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, wakiwa na pinde, filimbi na viapo, na sheria ya nchi iliwatambua baadaye tu, mwaka 1989.

Nilikuta jambo jingine lililonifanya nimrudie mzee jioni ile ile. Sheria ya Kiingereza, ambayo Wamarekani waliirithi kama sisi tulivyoirithi, ilimtaka mtu anayeshambuliwa arudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, ndipo aruhusiwe kuua ili kujiokoa. Mahakama nyingi za Marekani ziliiacha kanuni hiyo. Mwaka 1876, katika kesi ya Erwin, Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba mtu asiye na kosa halazimiki kumkimbia anayemshambulia kwa nia ya kumuua, na mwaka uliofuata Indiana ikatoa uamuzi wa namna hiyo katika kesi ya Runyan. Maana yake ni kwamba Luke alikuwa na utetezi. Kama hadithi ile ingeendeshwa kwa vitabu vya sheria, angekaa pale pale kwenye meza ya karata akamngoja mkuu wa usalama aje.

"Lakini alikimbia," nikamwambia mzee.

"Alikimbia kwa sababu mcheza kamari hana jirani," akajibu. "Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa litoke mji ule ule. Sheria ya kitabuni ni nzuri, bwana, ila huketi mbali." Akachora kitu mchangani kwa fimbo, akakifuta. "Sasa nieleze wewe. Aliyeikimbia sheria ilipokuwa upande wake, aliirudia kwa nini ilipokuwa imelala chini inavuja damu?"

Sikuwa na jibu, na nakiri kwamba sikulitafuta kwa wakati ule. Kilichonijia badala yake ni ua wa nyumba yetu, Nzega, mwaka 1984.

Baba yangu alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji chetu. Mjomba wangu, mdogo wake mama waliyenyonya ziwa moja, alituhumiwa kwamba alipitisha ng'ombe wa wizi usiku. Angeweza kutumwa mtu mwingine yeyote kumkamata. Baba alikwenda mwenyewe, na alasiri moja aliingia uani na mjomba akiwa mbele yake, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya kinu kilicholazwa. Ilibidi wangoje hapo mpaka wenzake wafike, kwa kuwa kesi ingesikilizwa chini ya mti jioni. Mama alikuwa akipika. Alitazama mara moja tu. Kisha aliipua sufuria, akaleta maji ya kunawa, akamnawisha mumewe, akamfungua ndugu yake mkono mmoja bila kuomba ruhusa, akamnawisha naye, akaweka ugali kati yao. Baba alikuwa ameegemeza upinde kwenye ukuta wa ghala. Walikula wote wawili kutoka sahani moja, na katika muda wote ule hakuna mtu aliyesema neno. Mjomba alitozwa ng'ombe, akalipa, na maisha yakaendelea. Lakini nimetumia maneno mengi sana maishani mwangu, na sijawahi kuyapata ya kumtia baba yangu kinywani kwa mlo ule, wala ya mama.

Sikumwambia mzee habari hizo. Nilimuuliza tu kama atakuja Ijumaa ijayo.

Wiki ile niliitazama filamu tena, safari hii nikiwa nimeziba mdomo wangu kwa makusudi, na niliona vitu ambavyo sauti yangu ilikuwa imevifunika. Niliona jinsi Hart anavyolishika ua: vidole vyake havijui la kufanya nalo, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Niliona kwamba baada ya yule mkuu wa usalama kuumia hakuna hotuba, na kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote katika picha ile unapita katika uso usiosema kitu. Maandishi ya kati, zile kadi za maneno zinazoingia kati ya picha na picha, ni machache, na mwenye kutengeneza filamu alijua pa kutoyaweka.

Niliona pia jambo lililonikera, na kwa kuwa nimeahidi kuandika kwa ukweli nitalitaja. Wale wanaowavamia mwishoni ni Waapache, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na filamu haina habari nao isipokuwa kama mauti yanayokuja na farasi. Haiulizi jangwa lile lilikuwa la nani. Pale kwa Ince waliajiriwa watu wa kabila la Waoglala, tawi la Wasioux, ambao nao ni wenyeji wa asili, waliokuja na kundi la maonyesho la shamba la Miller Brothers, ili wacheze katika filamu zake za namna hii. Watu ambao wazee wao walipigana na jeshi la Marekani kweli, wakilipwa ujira kuanguka kutoka kwenye farasi mbele ya kamera, mara kwa jina lao, mara kwa jina la kabila jingine. Ijumaa ya kwanza mimi niliwaita "maadui" na kuwaigizia sauti za fisi. Nilijionea haya. Sikuweza kuibadili picha, ila sauti za fisi zilikuwa mali yangu na niliziondoa.

Ijumaa ya pili watu walikuwa wengi zaidi, maana habari za saluni zilikuwa zimeenea. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, mzee pembeni na fimbo. Kabla ya kuanza niliwaambia kwamba wiki iliyopita niliwadanganya mahali pamoja na kwamba leo wataona wenyewe ni wapi. Mahali pa kunywea pombe nilipaita kilabu. Yule mkuu nilimweleza mara moja, kwamba ni askari aliyechaguliwa kwa kura na aliyebeba amri ya mahakama, na baada ya hapo nikamwita askari, basi. Nilisoma kadi za maneno kama zilivyo. Nilipunguza mizaha nusu kwa nusu, na watu walistahimili, ingawa kijana mmoja aliuliza kama dijei anaumwa.

Luke alipofika pale pa kuamua kurudi, niliweka maikrofoni mapajani. Nilikuwa nimepanga kunyamaza kwa dakika moja. Dakika ikapita, na sikuweza kuiinua. Unapokaa miaka mingi ukijaza nafasi, kimya cha watu mia moja kinakujia kama maji yanayopanda. Nilisikia feni ya projekta, nilisikia baiskeli barabarani, nilisikia mtu akivunja karanga kisha akaacha. Kijana yule akapaza sauti, "Maiki imekufa!" na mtu mwingine akamwambia, "Nyamaza, tazama." Walitazama mpaka mwisho. Mmoja alisema "Steringi hafi" polepole, si kwa kupinga, kama mtu anayejikumbusha anwani ya nyumba iliyobomolewa. Kisha ukuta ukawa mweupe.

Hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyedai chochote. Mzee alikuwa ameinamia fimbo yake. Watoto walianza kukusanya mikeka, na nikainuka kuchomoa nyaya, ndipo bibi aliponivuta shati kutoka kwenye kiti chake.

"Sasa yule binti wa kilabu," akaniuliza, "yule aliyetoa ua. Ataambiwa na nani?"

Maikrofoni nilikuwa nimekwisha kuizima. Nilikaa chini karibu na kiti chake, tukautazama ukuta pamoja mpaka wale vijana walipokuja kuichukua projekta.